Kusimama kwa kichwa: Shingo yako isibebe mzigo

Msomaji, yamkini umewahi kumwona mtu akisimama kwa kichwa, miguu juu kama mlingoti, ukajiambia kuwa hayo ni mambo ya wanasarakasi. La hasha! Katika Ashtanga, aina ya yoga iliyoenezwa na mwalimu K. Pattabhi Jois (1915–2009) kutoka mji wa Mysore, India, zoezi hilo liitwalo sirsasana hufanywa na watu wa kawaida, wake kwa waume.

Kwanza fahamu kuwa haliji mwanzoni. Hufanywa karibu na mwisho, mwili ukiwa umepata joto na baada ya kusimama kwa mabega. Anayetoka kitandani na kujirusha juu papo hapo anajitafutia balaa.

Hufanywaje? Piga magoti mkekani. Shika kila kiwiko kwa mkono wa pili ili upate kipimo, kisha weka viwiko chini bila kuvitanua. Pishanisha vidole. Weka utosi chini, kisogo kikiegemea viganja. Inua nyonga, tembeza miguu ikaribie uso, ndipo uiinue polepole. Usiruke.

Siri iko mikononi. Mikono, kuanzia viwiko, ndiyo ibebayo uzito. Mifupa ya shingo ni midogo, haikuumbwa kubeba mwili mzima. Ukihisi shingo inauma, shuka mara moja.

Ukiwa juu, pumua kwa pua, taratibu. Kisha miguu huteremshwa nusu hadi iwe sambamba na sakafu, halafu hurejeshwa juu. Ukishuka, usiinuke ghafla. Baki magotini, kichwa chini, usije ukashikwa na kizunguzungu. Waliobobea huendelea hadi mfululizo wa pili, ambao una mitindo 7 ya kusimama kwa kichwa.

Je, kila mtu aweza kujaribu? Hapana. Mwenye glakoma asithubutu, kwani presha ndani ya jicho huongezeka takriban maradufu mtu akisimama hivyo. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya shingo amwone daktari kwanza.

Na ikiwa miguu imekataa kupanda, usife moyo. Kubaki na viwiko chini na nyonga juu, miguu ingali sakafuni, ni zoezi tosha la kuimarisha mabega. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nawe inama kwanza. Miguu itapanda kwa wakati wake.