Asumini Haipikwi

Mafuta ya asumini ya nyumbani mara nyingi huharibiwa kwa moto. Mtu hubandika mafuta ya nazi jikoni, yakitokota akatumbukiza maua, kisha akashangaa mbona chupa yote inanukia nazi ya kukaanga. Lawama zote huuangukia mwasumini, na mwasumini hauna kosa.

Asumini ni ua la usiku. Mchana tumba hukaa limefumba, karibu halina harufu. Jua likizama hufunguka na kunukia, likiwaita nondo wanaoruka gizani. Ndani ya tumba manukato yamefungamana na sukari, na yakiwa hivyo hayanukii. Ua linapofunguka, vimeng'enya huikata ile sukari, harufu ikaachiliwa. Ajabu ni kwamba kazi hiyo haikomi ua likichumwa: huendelea kunukia kwa saa nyingi, ndiyo maana kikuba cha maua kilichofungwa jioni bado kina harufu alfajiri. Mafuta yanayotokota huviua vimeng'enya papo hapo, na harufu iliyokwisha kutoka hupaa na mvuke. Waridi huvumilia kuchemshwa, asumini haivumilii.

Basi chuma matumba jioni, yawe makavu, kwani maji huleta ukungu na kuyachachisha mafuta. Yazamishe katika mafuta ya nazi yaliyopoa kabisa. Kesho jioni yachuje, utie matumba mapya katika mafuta yaleyale, na urudie mpaka harufu ikuridhishe. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo walioko Njombe au Limuru wana njia nyingine: wayapake yaliyoganda kwenye sahani, watandaze maua juu yake. Mafundi wa Grasse, Ufaransa, walifanya hivyo hivyo kwa mafuta ya wanyama juu ya vioo, wakibadilisha maua kila siku.

Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ujuzi wa manukato wa Grasse katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wanastahili. Lakini sisi wa Unguja, Mombasa na Lamu, tuliolelewa na wanawake wanaojua kufunga vikuba na kutia asumini nyweleni, tunang'oa mwasumini uani ili tumwage zege, kisha tunakwenda dukani kununua mafuta yatokanayo na petroliamu yaliyotiwa harufu ya kiwandani, eti kwa sababu kibandiko kina picha ya ua. Huo ni upotevu, na tunaulipia.

Mafuta yako yatie kwenye chupa ya rangi nzito, uiweke mbali na jua. Yajaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko. Kisha ni ya mwili baada ya kuoga, nywele, visigino vilivyopasuka, kukanda mabega, kumpamba bibi harusi. Kama huna mti, muombe jirani kitawi. Mwasumini huota kwa kipandikizi.