Behewa la Kima na Nyama ya Kariokor

Mkulima ajaye Nairobi kwa shauri la shamba, au karani aliyepewa ruhusa ya siku moja, aghalabu huyatazama maduka na majumba marefu kisha hurudi kwao. Ni wachache wanaozunguka kando ya stesheni ya gari la moshi, mahali palipo na makumbusho madogo ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Yafaa mtu aende asubuhi, kwa kuwa magari makubwa yamesimama nje juani, na chuma hushika moto upesi.

Kwanza wageni hulikimbilia behewa moja la mbao. Mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, Bwana Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alikesha ndani ya behewa hilo na wenziwe wawili, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu. Zamu ilipomfikia alishikwa na usingizi. Simba akaingia kwa mlango, akamkamata, akatoka naye dirishani.

Hadithi hiyo yajulikana na wengi. Lakini reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo. Kadiri ya 2,500 walikufa, wengi wao kwa maradhi na ajali, wala si kwa simba. Ni nani awezaye kumtaja hata mmoja kwa jina?

Uwanjani pana pia gari la Garratt namba 5918, liitwalo Mount Gelai, lililoundwa Manchester katika miaka ya 1950. Uzani wake wapata tani 250, na mtu akisimama karibu na magurudumu yake hujiona mdogo kama sisimizi.

Saa ya kula ikiwadia, mwenye miguu mizuri na aende soko la Kariokor. Jina hilo ni la Kiingereza lililogeuzwa na ndimi za watu, nalo lilitokana na kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maelfu yao hawakurudi makwao. Dar es Salaam nayo ina Kariakoo yake, kwa sababu iyo hiyo.

Hapo hakuna kitambaa cha meza wala uma. Mteja huchagua pande la mbuzi, likapimwa kwa kilo na kutiwa jikoni juu ya makaa. Asiwe na haraka, maana nyama iliyoharakishwa hutoka ngumu. Wakati wa kungoja aweza kutazama viatu vya ngozi na vikapu vinavyouzwa humo sokoni. Kisha huletewa maji ya kunawa, na nyama hukatwakatwa mbele yake juu ya ubao, pamoja na ugali, kachumbari, na chumvi iliyowekwa pembeni.