Sahifa Inayotaja Nasaba ya Kitabu

Mtu wa Wesha, hapa Pemba, akifungua sanduku la vitabu la wazee wake, akakuta humo riwaya ya Kiswahili iliyochakaa jalada na sahifa zake kugeuka manjano, aghalabu huiweka kando kuwa ni masalio ya skuli, ilhali huenda ameshika nakala ya toleo la kwanza, kitu adimu ambacho wakusanyaji wa vitabu hukitafuta kwa hamu. Yatupasa sisi watu wa visiwa hivi, vilivyozaa waandishi wengi wa riwaya, tuzijue alama za nakala hizo kabla hazijatutoka.

Alama kubwa haimo katika jalada, bali nyuma ya sahifa ya anwani, ambako mchapishaji huandika jina lake na mwaka wa kukitoa kitabu. Ukiwapo mwaka mmoja tu, pana matumaini. Ikifuatana miaka miwili mitatu, kitabu kimerudiwa kupigwa chapa, na nakala hiyo ni ya mwaka wa mwisho uliotajwa. Wachapishaji wengi wa London na New York huongeza safu ya nambari, na kila kitabu kirudipo mtamboni huondolewa nambari moja, hata nakala iliyokosa 1 ikajulikana kuwa si ya chapa ya kwanza.

Riwaya zetu, walakini, zina tarehe yake, na aijuaye hahitaji safu hiyo. Mzimu wa Watu wa Kale, kisa cha mpelelezi Bwana Msa ambacho Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda nacho mashindano ya uandishi ya 1957–58, kilitolewa 1960 na East African Literature Bureau. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika hilo nalo likaisha, na huko Kenya likarithiwa na Kenya Literature Bureau. Basi nakala yoyote ya kisa hicho yenye jina la mrithi haiwezi kuwa ya mwanzo, hata ikiutaja mwaka 1960. Kadhalika ISBN, nambari ya kutambulisha vitabu ambayo haikuwapo ulimwenguni mwaka huo, ikionekana ndani ya kitabu kinachodai kuwa cha 1960, imekwisha kutoa ushahidi wake.

Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed itafutwe kwa jina la East African Publishing House, 1972. Kuli ya Adam Shafi kwa Tanzania Publishing House, 1979. Na Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba hii hii, kwa Shungwaya, 1977.

Katika soko la ng'ambo hutakwa pia usafi. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Hamish Hamilton 1994, ilipanda bei mwandishi alipopewa Nobel 2021, na mnunuzi huuliza kwanza kama karatasi inayofunika jalada lake ingalipo. Riwaya zetu aghalabu zilivikwa jalada jepesi, zikapita mikononi mwa wanafunzi hata zikatatuka, na ndiyo sababu zilizosalia ni chache. Mhuri wa skuli hupunguza bei kwa wageni. Kwa rai yangu, kwetu ni ushahidi wa thamani, kwani waonyesha riwaya ilisomwa wapi. Fauka ya hayo, chapa za baadaye mara nyingi hupangwa herufi upya, na makosa yakaingia, hivyo atakaye kuyahakiki maneno ya mwandishi hana budi kuirejea nakala ya mwanzo.

Wesha, palipo na hewa ya chumvi na unyevu wa masika, kitabu kama hicho kisianikwe juani wala kisibandikwe kwa utepe wa gundi, ambao baadaye huila karatasi. Kifungwe kwa karatasi safi, kiwekwe juu, mbali na ukuta na mchwa, na sahifa ya anwani isichanwe kamwe. Asiyeweza kukitunza na aulize Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, kabla ya kumwachia mchuuzi.