Huduma Imfuate Mgonjwa

Mjini mtu akikosana na mwenzake husikika akisema, “Huyo apelekwe Mirembe!” Watu hucheka. Lakini kwa mkazi wa Singida, Mirembe si mzaha. Ni safari ya kilomita zipatazo 240 mpaka Dodoma, ilikoanzishwa hospitali hiyo mwaka 1927, enzi za Waingereza.

Ndugu msomaji, maradhi ya akili ni maradhi kama kisukari au shinikizo la damu. Mengi hayaishi kwa dozi moja, bali hutulizwa kwa dawa za muda mrefu. Mgonjwa wa skizofrenia aweza kudungwa sindano moja kila mwezi, akalima na kulea wanawe. Mwenye kifafa, ambaye kwetu mara nyingi hutibiwa katika kliniki hizo hizo, humeza vidonge kila siku. Akiviacha ghafla, kifafa huweza kumrudia kwa nguvu, naye akaangukia motoni.

Sasa tutazame wenzetu wa Singida. Kliniki imepangwa kwa mtu anayekaa mahali pamoja: chukua dawa, rudi mwezi ujao. Je, Mhadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, anayefuata asali, mizizi na wanyama? Je, Mtaturu anayehamisha ng'ombe wakati wa kiangazi? Tarehe ikifika, yuko mbali. Dawa zikiisha, maradhi hurudi. Ndugu husema dawa za hospitali hazifai kitu, na mgonjwa hufungwa kamba.

Lipo na suala la lugha. Kwa maradhi haya, kipimo kikubwa cha daktari ni mazungumzo. Kihadzabe hakina undugu na lugha nyingine yoyote ya jirani. Mtu ataelezaje huzuni yake kwa lugha ya kuazima?

Njia zipo. Miaka ya 1980, mpango uliofanywa Morogoro na Kilimanjaro uliwashirikisha wahudumu wa zahanati katika tiba hii. Kule Australia, wenyeji wa asili walianzisha kituo chao cha tiba Redfern, Sydney, mwaka 1971, kwa kuchoshwa na ubaguzi.

Kwa maoni yangu, huduma imfuate mgonjwa. Afunzwe kijana wa jamii hiyo hiyo, ajuaye lugha na mahali kambi ilipohamia. Mganga wa jadi naye asibezwe. Aelezwe ni mgonjwa yupi wa kuwahishwa zahanati.

Aliye mbali na barabara naye ni Mtanzania. Tusingoje afungwe kamba ndipo tumkumbuke.