Njia ya Louis Riel: Barabara Kuu Namba 11 ya Saskatchewan



Mtu atakaye kuijua nchi ya mbali huuliza kwanza habari za watawala wake, za vita vyake na za mazao yake. Ni wachache waulizao habari za barabara zake. Na kumbe barabara moja yaweza kutuonyesha mambo yote matatu pamoja.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya barabara ya mashambani katika jimbo la Saskatchewan, nchi ya Kanada. Katika ramani huitwa Namba 11, na tangu mwaka 2001 imepewa pia jina la Njia ya Louis Riel. Urefu wake ni kadiri ya maili 240, yaani kilometa 390 hivi. Yaanza Regina, mji mkuu wa jimbo, yaelekea kaskazini-magharibi mpaka mji wa Saskatoon, kisha yashika upande wa kaskazini mpaka karibu na mji wa Prince Albert.

Yatazameni majina hayo. Regina ni neno la Kilatini, maana yake Malkia. Mji uliitwa hivyo mwaka 1882 kwa heshima ya Malkia Victoria. Prince Albert lilikuwa jina la mumewe. Basi barabara hii yaanza kwa jina la mke, yamalizika kwa jina la mume, nayo yenyewe imebeba jina la mtu aliyenyongwa huko Regina mwaka 1885 kwa hatia ya kumwasi Malkia huyo huyo. Ilikuwaje? Jawabu limo katika namna ardhi ya nchi ile ilivyopimwa.

Nchi yenyewe ni mbuga pana za nyasi, tambarare kwa sehemu kubwa. Wakati wa baridi kali theluji hufunika kila kitu. Wakati wa joto mashamba ya ngano huenea mpaka upeo wa macho. Zamani wenyeji wa asili, kama Wakrii, waliishi humo kwa kuwinda nyati wakubwa wa nchi ile. Pamoja nao walikuwako Wametis, taifa lililozaliwa kwa ndoa za wafanya biashara wa ngozi, Wafaransa na Waskoti, na wanawake wa kienyeji. Wametis walikuwa wawindaji, wakulima, na zaidi ya yote wachukuzi wa mizigo.

Njia za wakati huo zilikuwa njia za magari ya ng'ombe. Gari la Wametis lilikuwa na magurudumu mawili makubwa, nalo liliundwa kwa mbao na kamba za ngozi, bila msumari hata mmoja. Likivunjika porini, fundi alikata mti akalitengeneza papo hapo. Likifika mtoni, magurudumu yalitolewa, na gari likavushwa kama chelezo. Mhimili wake haukupakwa mafuta, maana vumbi lingegandamana nayo na kuula mti; kwa hiyo kelele zake zilisikika mbali sana. Njia kuu ya magari hayo, iitwayo Njia ya Carlton, ilitoka mahali ulipo sasa mji wa Winnipeg mpaka Edmonton. Iliuvuka mto wa Saskatchewan ya Kusini mahali paitwapo Batoche, penye kivuko cha mfanya biashara mmoja Mmetis. Njia hiyo haikunyoka. Ilifuata maji, kuni na malisho, ikaepuka matope, nayo ilipitika.

Makao ya Wametis yalifuata mto vile vile. Kila mwenye shamba alikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi, ambao ncha yake moja iligusa mto na nyingine ilikwenda mbali nyuma kiasi cha maili mbili. Kwa mpango huo kila nyumba ilipata maji, kuni za ukingoni, shamba la kulima na majani ya mifugo. Na jirani hakuwa mbali, kwa kuwa nyumba zote zilijipanga kando ya mto.

Serikali ya Kanada ilikuwa na mpango mwingine. Tangu mwanzo wa miaka ya 1870 wapimaji wake walianza kuzigawa mbuga zote kwa miraba. Mraba mkubwa ulikuwa maili 6 kwa maili 6, nao uligawanyika miraba midogo 36, kila mmoja maili 1 kwa maili 1, yaani eka 640. Robo ya mraba huo mdogo, eka 160, ilipewa mtu aliyelipa ada ya dola 10, mradi akae hapo miaka mitatu, alime na ajenge nyumba. Baina ya miraba wapimaji waliacha kanda za njia. Katika sehemu kubwa ya Saskatchewan ukanda mmoja uliachwa kila maili 1 kwa njia za kaskazini na kusini, na kila maili 2 kwa zile za mashariki na magharibi, wenye upana wa futi 66, ambazo ni urefu wa mnyororo mmoja wa mpimaji. Hivyo ramani ya barabara ilikwisha kuchorwa kabla wakulima hawajafika.

Miraba hiyo ilikuwa na shida moja. Dunia ni mviringo, na mistari iendayo kaskazini hukaribiana kadiri iendavyo, kama pande za chungwa zikutanavyo kichwani. Haiwezekani basi kufunika nchi nzima kwa miraba iliyo sawa. Ilibidi wapimaji waanze kipimo upya kila baada ya maili 24. Ndiyo sababu mpaka leo mwenye kupita njia ndogo za mashambani huko hukuta njia iliyonyoka kama uzi ikikatika ghafula, ikaruka kando kidogo, kisha ikaendelea mbele.

Lakini shida kubwa haikutokana na mviringo wa dunia. Ilitokana na watu waliokuwako kabla ya mnyororo. Mwaka 1869, huko Mto Mwekundu, Louis Riel na wenzake waliwazuia wapimaji walioingia katika mashamba ya Wametis. Kutokana na machafuko hayo jimbo la Manitoba liliundwa mwaka 1870. Lakini Riel alilazimika kuikimbia nchi, na Wametis wengi wakahamia magharibi mpaka kando ya Saskatchewan ya Kusini. Huko nako mnyororo uliwafuata. Mahali pengi miraba ilichorwa juu ya mashamba yao ya ukanda, wakawa hawana hati za ardhi waliyokuwa wameijengea nyumba. Nyati nao walikuwa karibu kwisha. Walipeleka maombi Ottawa mara kwa mara, wasipate jawabu la kuwaridhisha. Mwaka 1884 Gabriel Dumont, aliyekuwa na kivuko chake katika mto huo, alipanda farasi pamoja na wenzake wakaenda Montana, Marekani, kumwita Riel, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa shule.

Mwaka uliofuata vita vikazuka. Tarehe 26 Machi 1885 watu wa Dumont walipigana na polisi na askari wa kujitolea karibu na Duck Lake, mji ambao Barabara Namba 11 yapita leo. Kuanzia tarehe 9 mpaka 12 Mei jeshi la Jenerali Middleton lilipigana na Wametis na wenzao wachache wa kienyeji huko Batoche. Wametis walikuwa wachache sana; risasi ziliwaishia, ikasemekana kwamba mwishoni walipakia misumari na vijiwe katika bunduki zao. Batoche ikaanguka. Dumont alikimbilia Marekani, na Riel akajitoa mwenyewe. Alihukumiwa Regina kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1351. Wazee sita wa baraza walimwona ana hatia, lakini waliomba ahurumiwe, hakuhurumiwa. Tarehe 7 Novemba 1885 msumari wa mwisho wa reli ya kuvuka Kanada ulipigwa. Siku tisa baadaye, tarehe 16 Novemba, Riel alinyongwa.

Baada ya hapo miraba ilishinda. Mwaka 1890 reli ilitoka Regina, ikapita Saskatoon, ikafika Prince Albert. Vituo vilijengwa kila baada ya maili chache, ili mkulima aweze kupeleka ngano kwa gari la farasi na kurudi kwake siku ile ile. Kando ya kila kituo yalisimama maghala marefu ya mbao, yakaonekana toka mbali kama milingoti ya majahazi. Mengi yamekwisha kubomolewa. Huko Rosthern, mkulima Seager Wheeler alipata mwaka 1911 tuzo la ngano bora katika maonyesho ya New York.

Motakaa zilipokuja zilifuata kanda za njia zilizoachwa na wapimaji. Hapo kasoro ya mraba ikadhihirika. Atakaye kwenda kaskazini-magharibi hukata mraba wa maili 1 kwa safari ya maili 1 na nusu kasoro kidogo. Bali aufuataye ukingo wake hupita maili 2 kamili. Kabla ya miaka ya 1940 barabara ya Namba 11 ilikwenda hivyo: maili kadhaa upande mmoja, pembe kali, maili kadhaa upande mwingine. Mvua ikinyesha, udongo wa mfinyanzi ulishika magurudumu. Wakulima walisawazisha njia kwa magogo yaliyokokotwa na farasi. Katika dhiki ya miaka ya 1930 wengi walikosa fedha za petroli, wakaziondoa mashine katika motakaa zao na kuzifunga farasi, wakaziita kwa dhihaka magari ya Bennett, jina la Waziri Mkuu wa wakati huo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya jimbo iliinyosha barabara kwa kuipitisha mshazari katika mashamba. Leo ina lami, na karibu yote imegawanywa njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Yateremka katika bonde la Qu'Appelle huko Lumsden, yapita Chamberlain, Craik na Davidson, yavuka mto Saskatoon, kisha yapita Osler, Hague, Rosthern na Duck Lake, mpaka mahali ambapo mbuga zakoma na misitu ya kaskazini yaanza.

Wasikilizaji, jina jipya la barabara halirudishi shamba la mtu. Hata hivyo si jambo dogo. Mwaka 1992 Bunge la Kanada lilimkiri Riel kuwa mwanzilishi wa Manitoba. Miaka tisa baadaye jina lake likawekwa juu ya mabango kando ya njia iliyopimwa kwa mnyororo ule ule alioupinga. Na mtu akiiacha barabara hiyo huko Rosthern, akaelekea mashariki mpaka Batoche, ataona katika nyasi mifuo ya magurudumu ya mbao ya Njia ya Carlton, ambayo haikufutika mpaka leo. Kila njia iliyonyoka ilichorwa na mtu fulani juu ya nchi ya mtu fulani. Basi tuonapo barabara nzuri, tuulize pia ni nani aliyekuwa akikaa hapo siku ile ilipopimwa.