Memwari iliyouliza swali

Memwari si karatasi ya kupata diploma tu. Mwaka 1978, huko Marekani, Diane Hartley alikuwa anamaliza uenjinia kule Princeton. Katika memwari yake alichunguza Citicorp Center ya New York, nyumba ya etaji 59. Nguzo zake zilisimama katikati ya pande, sababu kwenye pembe moja kulikuwa kanisa. Hartley akahesabu upepo unaopiga kwa pembe, akaona unalemea vyuma zaidi. Akauliza, wakamjibu hakuna shida. Mwaka uleule enjinia mkuu alihesabu upya: viungo vya mabulo vilikuwa zaifu! Mafundi wakachomelea vyuma usiku, kwa siri. Watu walijulishwa 1995 tu. Basi wewe finalisti, usikopi. Hesabu mwenyewe, na uliza hata wakubwa.