Namba moja ya simu, maandishi matatu: kazi ya visaidizi katika programu

Hapa Kamina, ukiuliza batu namba ya simu, mmoja ataandika 081..., mwingine +243 81..., mwingine 00243 81..., na wengine wataweka nafasi ao vistari katikati. Kwa mutu ile ni namba moja. Kwa ordinateri ni batu watatu.

Tuseme kituo cha afya kina liste ya wamama wa kutumiwa ujumbe wa chanjo ya watoto. Mama aliyeandikwa mara tatu atapata ujumbe mara tatu. Yule ambaye namba yake inakosa tarakimu moja hatapata kitu, na siku ya chanjo itapita.

Njo kazi ya kisaidizi. Ni kipande kidogo cha programu, mara mingi mistari mitano ao kumi, chenye jina lake na kazi moja tu. Hiki tukiite safisha_namba. Kinaondoa kila alama isiyo tarakimu, kisha kinatoa 00243, 243 ao 0 ya mwanzo. Inafaa zibakie tarakimu 9. Zikitimia, kinaweka 243 mbele. Zisipotimia, ao zikipita, kisibahatishe: kiseme kuna kosa, mama aulizwe tena.

Sababu gani kukiandika pembeni? Juu kazi ile inahitajika wakati wa kuandikisha, wa kutafuta na wa kutuma. Mwenye kuirudilia kila pahali, siku moja atatengeneza pahali pawili na kusahau pa tatu.

Saa nayo ni vile vile. Kamina iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja: kule 10:00, huku 11:00. Hesabu hiyo ikikaa ndani ya kisaidizi kimoja, kosa linatengenezwa mara moja tu.

Visaidizi vingine vinaazimwa kwenye intaneti. Hapo angalisho. Mwezi wa tatu 2016, mwenye kisaidizi left-pad, cha mistari 11, cha kujaza nafasi mbele ya maandishi, alikiondoa kwenye ghala la npm. Kazi za waandika programu wengi duniani zikakwama mpaka kiliporudishwa.

Kwa kijana anayejifunza: kazi ya mistari mitano, uiandike mwenyewe. Na mbele ya kuiamini, ijaribu kwa namba mbaya: fupi, ndefu, yenye herufi, hata tupu. Namba nzuri hazionyeshi kosa.